Tenki dogo la maji ya bahari linasumbua? Anza na dalili unayoiona

Hapa naongelea tenki dogo, lita 40 mpaka 100, yale watu wanaweka sebuleni Dar, Tanga au Mombasa, lina mchanga, mawe, samaki wawili watatu na matumbawe laini kidogo. Malalamiko ni yale yale kila siku na karibu yote yanaanzia kwenye maji, ila mtu akiona samaki kalala pembeni anakimbilia dawa, anamimina kifuniko kizima humo ndani halafu kesho yake anauliza mbona na kamba wamekufa. Tafadhali sana, usitie kitu ambacho hujakipima.

Kwa hiyo kabla ya yote uwe na kipimajoto, rifraktomita ya chumvi, na vipimo vya matone vya amonia, naitraiti, naitreti, pH (ukali wa maji) na KH (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe). Namba za kulenga ni hizi: joto digrii 25 mpaka 27, chumvi 35 kwa elfu (kwenye haidromita, kipimo cha uzito wa maji, ni kama 1.025 au 1.026), amonia 0, naitraiti 0, naitreti chini ya 20 (miligramu kwa lita), pH 8.0 mpaka 8.4, KH 7 mpaka 10. Ziandike kwenye daftari na tarehe, maana namba moja peke yake haikwambii kama kitu kinapanda au kinashuka.

Samaki anahema juu juu, mdomo uko kwenye uso wa maji

Hii ndo ya haraka kuliko zote, unaweza kuwa na masaa tu.

Sababu inayoongoza ni hewa kupungua kwenye maji. Angalia uso wa maji, unacheza au umetulia kama kioo? Kama umetulia na una utando wa mafuta mafuta juu basi umepata jibu, elekeza pampu ya mkondo juu kidogo mpaka uso ukatikekatike. Maji yakipata joto yanabeba hewa kidogo zaidi, ndo maana wengi wanaliona hili mchana wa Januari na Februari na sio wakati wa kusi.

Kama ni umeme umekatika, usihangaike kwanza na taa wala hita, hangaikia hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri, zile za wavuvi wa chambo hai, inatosha kabisa kwa tenki la lita 60. Huna? Chukua jagi safi, chota maji humo humo ndani uyamwage tena kutoka juu kidogo, rudia kila baada ya dakika chache, inachosha lakini inaokoa. Na usiwalishe mpaka umeme urudi, chakula kinaongeza uchafu na kula hewa. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara, nunua inveta ndogo ya kubeba pampu moja tu kabla hujanunua tumbawe la pili.

Sababu ya pili ni amonia. Pima sasa hivi. Ikisoma kitu chochote juu ya 0 kwenye tenki lenye samaki badilisha maji nusu, maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya zamani, halafu pima tena. Hesabu yake ni nyepesi, ukitoa nusu ya maji unatoa nusu ya amonia, kwa hiyo ilikuwa 1 itabaki 0.5 na utarudia kesho. Amonia kwenye maji ya bahari ni kali zaidi kuliko kwenye maji baridi kwa sababu pH iko juu, kile kiwango ambacho perege anavumilia huku kinaua.

Ya tatu watu hawaiwazi kabisa: dawa ya mbu ya kupuliza. Mtu kafunga madirisha saa 12 jioni kapuliza chumba kizima, pampu ya hewa inavuta hewa ile ile inaipeleka moja kwa moja kwenye maji. Kamba na kaa ndo wanaanza kuanguka, samaki wanafuata. Ukishuku hivyo zima pampu ya hewa, fungua madirisha, badilisha maji, weka kaboni mpya kwenye filta. Na waambie wote nyumbani, dada, watoto, mgeni aliyekuja jana, kwamba chumba hiki hakipulizwi, hapa ni chandarua tu.

Maji yote yakiwa safi na bado anahema, matamvua yanapiga haraka haraka, basi ni ugonjwa, nenda kwenye sehemu ya madoa huko chini.

Tenki lina wiki mbili tu na samaki wanakufa mmoja mmoja

Hapa hamna uchawi wala samaki wabovu, tenki halijaiva. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, na wengine wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo sio kali sana. Hao bakteria wanakaa kwenye mawe na mchanga na kuwajenga kunachukua kama wiki 4 mpaka 6, huwezi kulazimisha kwa kubadilisha filta kila siku, tena ukiosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua ulioanza kuwapata.

Kinachofanyika ni kuivisha tenki bila samaki. Weka kipande kidogo cha kamba mbichi wa sokoni ndani ya soksi ya nailoni, kiache kioze, pima kila siku mbili tatu. Utaona amonia inapanda, baadae naitraiti inapanda amonia ikishuka, mwisho zote zinarudi 0 na naitreti inaonekana. Siku ukiona amonia na naitraiti ziko 0 zenyewe, badilisha sehemu ya maji halafu ingiza samaki mmoja. Mmoja tu, nakusihi, maana bakteria uliowajenga wanatosha mzigo uliopo na ukileta wanne kwa mpigo amonia inarudi pale pale.

Kama samaki wameshaingia, wape chakula kidogo mara moja kwa siku, badilisha maji kila amonia ikionekana, na ukiweza warudishe kwa mtu mwenye tenki lililoiva wakae huko. Kwingine kokote sio, na baharini usiwatupe, samaki aliyekaa na wageni kwenye tenki anabeba vimelea ambavyo havikuwa huko.

Joto linafika 30 na zaidi

Pwani tatizo letu sio hita, watu wengi wananunua hita kwa sababu video ya Ulaya imesema. Sisi tunapoza. Angalia mambo kwa mpangilio huu:

- Tenki limekaa wapi? Jua la saa 10 linaloingia dirishani linaweza kupandisha digrii mbili tatu. Hamisha tenki au weka pazia zito.
- Hita yenyewe imeganda ikiwa imewaka? Ichomoe kabisa, angalia kipimajoto baada ya masaa matatu.
- Pampu na taa. Pampu kubwa ndani ya tenki dogo inapasha maji. Kioo cha juu kinafungia joto, kitoe uweke wavu ili samaki wasiruke.
- Halafu feni ndogo ikipuliza uso wa maji. Inapoza kwa kukausha maji, unaweza kupata digrii 2 mpaka 4, ila siku zile hewa nzito ya unyevu kabla ya masika inafanya kazi kidogo.
- Ikishindikana ni chila, yaani mashine ya kupoza maji, na hiyo ni bei, au chumba chenye AC.

Barafu ndani ya chupa iliyofungwa ni msaada wa dharura tu. Joto linaloshuka digrii 4 kwa nusu saa linaumiza kuliko hilo 30 lenyewe. Shusha taratibu, digrii moja kwa masaa kadhaa.

Na ujue tu kwamba matumbawe yenyewe huko baharini yanaishi ukingoni. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi kuanzia Kenya na Tanzania mpaka Shelisheli yalipauka na mengi yakafa, ikarudi tena 2016. Inatosha digrii moja juu ya kawaida ya msimu wa joto ikikaa wiki kadhaa. Tenki lako linaweza kufika hapo kwa mchana mmoja.

Chumvi haitulii

Ikipanda, kwa kawaida ni maji yanakauka na chumvi inabaki. Tenki lenye lita 60 likipoteza lita 3 chumvi inatoka 35 inakuwa karibu 37, na ukiwa na feni lita 3 zinaondoka ndani ya siku chache tu. Kosa linalorudiwa ni kujazia maji ya chumvi, hapo unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kilichokauka ni maji baridi, jazia maji baridi. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, kila asubuhi jazia mpaka kwenye alama, basi.

Maji gani sasa? Ya RO, yaani yaliyochujwa kwa kusukumwa kwenye utando mwembamba, yaliyosomeka 0 au karibu na 0 kwenye kipima TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji). Maji ya chupa ya kunywa yana madini yameongezwa. Ya kisima Dar mengi yana chumvi na naitreti tayari. Ya mvua kutoka kwenye bati yanaweza kuwa na zinki, na yale yanayodondoka kwenye AC yamepita juu ya shaba, usiyaguse kabisa. Kuna wanaotumia maji ya betri, hakikisha tu ni maji kweli na sio asidi ya betri, soma chupa mara mbili.

Ikishuka, kabla hujaongeza chumvi kipime kipimo chenyewe. Haidromita ya mshale ikishikwa na vipovu mshale unapanda, inakuonyesha chumvi nyingi kuliko iliyopo, igonge kidogo vipovu vitoke. Rifraktomita isahihishwe kwa kimiminika cha 35 kinachouzwa kwa kazi hiyo.

Wanaochota baharini: nenda maji yamejaa, mbali na bandari na mlango wa mto. Baada ya mvua kubwa usichote kabisa karibu na mto Msimbazi wa Dar au ufukwe wowote unaopokea mifereji ya mji, maji yanakuwa na chumvi pungufu na uchafu wa kila aina. Kama una jamaa mwenye boti mwombe akuletee ya nje. Yachuje, yakae siku kadhaa kwenye ndoo yenye kifuniko na pampu ikizunguka, pima chumvi na amonia ndo utumie. Na chumvi ya jikoni sio mbadala, haina kalisi wala magnesiamu ya kutosha na ina madini joto yaliyoongezwa.

Maji meupe kama maziwa

Siku ya kwanza au ya pili ni vumbi la mchanga ambao haukuoshwa, litatulia. Wiki ya kwanza mpaka ya tatu mara nyingi ni bakteria wamezaliana, ongeza hewa, punguza chakula, subiri siku chache. Kama yamekuwa meupe ghafla mara tu baada ya kuongeza dawa ya KH au kalisi, umetia nyingi kwa mpigo na zimegandana, acha kuongeza chochote, badilisha maji. Hata kuchanganya chumvi kuna utaratibu, chumvi inaingia kwenye maji, sio maji kwenye chumvi, na pampu inazunguka mpaka siku ya pili.

Mwani: angalia rangi kwanza

Kahawia kama vumbi kwenye mchanga na kioo, tenki likiwa na wiki kadhaa tu. Hiyo ni kawaida, inakula silika iliyopo kwenye mchanga mpya na maji yasiyochujwa vizuri. Futa kioo, weka konokono wachache, itaondoka.

Nyekundu au zambarau, inatandika kama shuka, unaweza kuinyanyua kipande kizima na ina harufu. Huo sio mwani hasa, ni bakteria. Inapenda sehemu mkondo hafifu na chakula kimelala. Nyonya kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, sogeza pampu, punguza chakula. Usianze na dawa ya antibayotiki, itaua na bakteria wako wazuri na utarudi kwenye amonia.

Kijani ya nywele nywele. Naitreti na fosfeti. Samaki wawili wadogo hawahitaji chakula zaidi ya wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na kile cha barafu kiyeyushe, mwaga maji yake ndo uwape. Taa ziwake masaa 8, sio 14. Ng'oa kwa mkono, badilisha maji asilimia 10 mpaka 20 kila wiki.

Kahawia ya kamasi, ina nyuzi na vipovu vya hewa, asubuhi imepungua jioni imerudi, na konokono wanakufa wakiila. Hii ndo ngumu, na hapa ushauri wa kawaida unageuka kichwa chini. Mara nyingi inakuja pale naitreti na fosfeti zimefika 0 kabisa kwa sababu mtu kasafisha kupita kiasi. Pima. Zikiwa 0 acha kubadilisha maji kwa muda, ongeza chakula kidogo, toa dawa ya kunyonya fosfeti, nyonya kamasi kupitia kitambaa urudishe maji yake. Inachukua wiki nyingi, usikate tamaa.

Matumbawe yamejifunga au yanapauka

Tumbawe jipya kujifunga siku mbili tatu ni kawaida. Yale laini ya ngozi ngozi hujifunga hata wiki nzima, yanakuwa na utando wa kung'aa kama nta, halafu utando unachunika na yanafunguka makubwa kuliko mwanzo. Yasaidie kwa mkondo, usiyavue huo utando kwa kucha.

Kama yamejifunga yote kwa pamoja, tafuta kilichobadilika jana: chumvi, joto, mkono wenye losheni au sabuni, mtu kaosha kioo kwa dawa. Kama ni moja tu, angalia jirani, matumbawe yanapigana na yana sumu, yaachie nafasi ya kidole kirefu. Ukiona linapauka juu tu upande wa taa, mwanga ni mkali, lishushe chini au punguza taa kisha panda nayo polepole. Linalopauka kote ni joto au KH iliyoruka. KH isibadilike zaidi ya 1 kwa siku, na tenki la matumbawe laini kwa kweli halihitaji kuongezewa madini, maji mapya ya kila wiki yanatosha.

pH ikiwa chini asubuhi na chumba kina AC kimefungwa usiku kucha na watu watatu wamelala humo, ni hewa ya ukaa ya watu. Fungua dirisha, usinunue dawa ya pH.

Kamba kafa, samaki wazima

Mwangalie kwanza vizuri. Kamba akijivua gamba anaacha ganda zima, lina miguu, lina mashina ya macho na ndevu, limelala chali kwenye mchanga kama maiti. Lishike, likiwa jepesi na unaona upande wa pili ni ganda, mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe mpaka mwili ukaze. Akiwa kafa kweli, shuku shaba (dawa ya samaki, maji ya AC, klipu ya chuma iliyotumbukia), kisha dawa ya mbu, kisha chumvi iliyoruka.

Madoa meupe kwa samaki

Punje kama chumvi, zinahesabika, anajikuna kwenye mawe: kimelea cha madoa meupe. Vumbi laini kama unga, anahema haraka, anakwepa mwanga: velveti, na huyo anaua ndani ya siku chache. Dawa inayotumika sana ni shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, na inabaki kwenye mawe. Kwa hiyo kamwe isiingie kwenye tenki lenye matumbawe. Wahamishe samaki wote kwenye ndoo au tenki tupu lenye pampu na hita au feni, watibiwe huko kwa kipimo cha shaba mkononi, na tenki lenyewe likae bila samaki siku 76 ili vimelea vikose pa kushika. Kama huna kipimo cha shaba usijaribu kukadiria kwa macho, tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki.

Unaingiza mkono unahisi shoti

Simama. Usiguse tena maji. Zima kwenye swichi kuu au chomoa vyote ukiwa umevaa viatu vikavu na mikono mikavu, ndo uangalie hita iliyopasuka kioo au pampu iliyochunika waya. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana na huku ni volti 230, kuhisi kidogo leo sio ahadi ya kesho. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie kikata umeme cha kuvuja cha miliampia 30 kwenye soketi hiyo na aangalie kama nyumba ina ethi kweli. Waya zote zishuke chini ya soketi kwanza ndo zipande, tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani.

Vitu vilivyokuja na jiwe

Kwanza jiwe lenyewe. Kuvunja mwamba hai ili kupamba sebule sio sawa, na Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, huko huokoti hata kipande. Biashara ya matumbawe magumu ya kuvuka mpaka inahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tumia jiwe kavu, hata haya mawe ya matumbawe ya kujengea yanafaa ukiyasugua, ukayaloweka wiki kadhaa na kupima fosfeti kabla ya kuyaweka.

Vianemoni vya kahawia vinavyozaliana kila kona, usivikate, kila kipande kinakuwa kipya. Vichome kwa dawa yake kwa sindano au weka kamba mdogo anayevila. Konokono mwenye umbo la pia asiyejulikana usimshike, kuna jamii ya koni kwenye bahari yetu ambao mchomo wao unaua mtu.

Na hili la mwisho ni la hospitali. Vile vimaua vidogo vya mpira vinavyotandaa kwenye jiwe, zoanthidi, baadhi vina sumu kali iitwayo palitoksini. Usichemshe jiwe lenye hivyo, usilimwagie maji moto, usilisugue kwa brashi likiwa kavu, mvuke na vumbi lake vimewalaza watu hospitali pamoja na familia zao, na kuumiza hata wanyama wa nyumbani. Ukivishika vaa glavu na miwani. Ukianza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, ganzi, kifua kubana, misuli kuuma au homa baada ya kusafisha tenki, toa watu wote ndani, fungua madirisha, nendeni hospitali hapo hapo na mtamkie daktari neno palitoksini, au mwandikie kwenye karatasi, maana dalili zake anaweza kuzidhania malaria. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15 kisha nenda. Vivyo hivyo kidonda cha mkononi kilichoingia maji ya tenki kikavimba na kisipone kwa wiki mbili, mwambie daktari kwamba unafuga samaki wa bahari.